Kesi ya Mwalimu Asiyejibu

NaPhiri alifika nyumbani kwa mkwe wake Jumamosi mchana, kikapu cha mahindi mabichi kichwani na matope ya Dedza hadi magotini, akamkuta mwanamume huyo amekaa barazani peke yake, anapanga njiti za kiberiti sakafuni kama mtoto aliyefungiwa nje. Alitua kikapu, akaketi kwenye ngazi ya mwisho kabisa, akageuza uso kuelekea mlimani kama inavyompasa mwanamke anayezungumza na mume wa binti yake. Mkwe naye, mwalimu Lyton Mkwezalamba, akageuza wake kuelekea jikoni. Wakasalimiana hivyo, mmoja akiuambia mlima na mwingine akiuambia mlango.

"Mmeshindaje?"

"Tumeshinda vizuri, sijui ninyi?"

"Nasi tumeshinda vizuri."

Mpaka hapo hapakuwa na neno baya. NaPhiri akapangusa jasho kwa ncha ya kanga yake, akauliza jambo la kawaida kabisa ambalo mgeni yeyote angeuliza.

"Mama Takondwa yuko wapi?"

Lyton alikohoa. "Ninyi mnadhani anaweza kuwa wapi?"

NaPhiri alidhani upepo umemchezea masikio. "Namuulizia mwanangu. Yuko wapi?"

"Swali zuri sana," alisema Lyton kwa upole wa kweli. "Tuanze na tunachokijua. Leo ni siku gani?"

"Jumamosi."

"Vizuri. Na Jumamosi, mtu aliyetoka na kikapu, anaweza kuwa ameelekea wapi?"

NaPhiri akajifunga kanga upya, macho mlimani. Tangu binti yake aolewe alikuwa amesikia mengi kuhusu wakwe: wapo walevi, wapo wachoyo, yuko mmoja kule Linthipe aliyemkimbiza mama mkwe kwa jembe. Lakini mkwe wa kumpa mama mkwe mtihani hakuwahi kumsikia.

"Naomba maji ya kunywa," alisema mwishowe.

Lyton akainuka mara moja, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Akaingia jikoni, akashika kata, akafunua mtungi, na kabla hajachota mdomo wake ukamponyoka: "Kwa makadirio yenu, mtahitaji kiasi gani?"

"Acha tu, baba," alisema NaPhiri. "Kiu imekwisha."

Jambo ambalo NaPhiri hakulijua ni kwamba hata kama Lyton angetaka kumjibu, asingeweza. Hakujua mke wake alikokwenda. Kwa majuma kadhaa sasa, Tiyamike alikuwa akitoka mchana na kikapu na kurudi jioni na kikapu hichohicho.

Siku hiyo pia alirudi jua likikaribia kuzama. Alipomwona mama yake kwenye ngazi alishtuka, akapiga magoti, akasalimu. NaPhiri akachungulia ndani ya kikapu. Kilikuwa kitupu.

"Unatoka wapi?"

"Sokoni, mama."

"Umenunua nini?"

Tiyamike akainamisha macho. NaPhiri akatingisha kichwa taratibu. Mkwe hajibu, binti anadanganya. Alilala hapo usiku mmoja tu, na asubuhi, kabla uji haujaiva, alikuwa ameshashika njia kwenda kwa kaka yake.

* * *

Balaa lote hili lililetwa na utafiti. Mwaka uliotangulia alikuja mtafiti kutoka chuo kikuu cha kule Zomba, Daktari Ellen Mwanyongo, mama mfupi mwenye kicheko kikubwa, akitafuta walimu wa hesabu walio tayari kujaribu njia mpya. Katika njia hiyo mwanafunzi hapewi kanuni wala jibu. Anapewa tatizo, anahangaika nalo pamoja na wenzake, na mwalimu kazi yake ni kuuliza tu, mpaka jibu litoke kwa watoto wenyewe. Daktari angekuwa anakuja kukaa nyuma ya darasa, kuona kama anayetafuta mwenyewe anakumbuka kuliko anayetafuniwa.

Lyton aliipokea njia hiyo kama mtu aliyeokoka. Alikuwa amefundisha miaka mingi kama alivyofundishwa yeye, akimimina kanuni juu ya vichwa vilivyosinzia, na kila mwaka matokeo yakitoka alikuwa akijificha nyumbani kwa kisingizio cha malaria. Kwenye semina, mwalimu mmoja alilalamika kwamba mdomo wake umezoea, unatoa jibu kabla hajauzuia. Daktari Mwanyongo akacheka. "Basi fanyeni mazoezi hata nyumbani!"

Alikuwa anatania. Walimu wengine walicheka pia. Lyton aliandika.

Tangu hapo nyumba haikukalika. Takondwa, binti yao wa miaka minane, alikwenda kuomba ruhusa ya kucheza.

"Baba, naweza kwenda kwa kina Lusayo?"

"Kitu gani kinakufanya ufikiri kwamba unaweza?"

"Miguu yangu."

Ikabidi Lyton akubali kwamba ni hoja. Baada ya siku chache mtoto aliacha kuomba ruhusa kabisa. Alikuwa anakwenda tu. Majirani waliokuja kuazima jembe waliulizwa walitaka kulima nini, na kwa nini hicho na si kingine, wakaondoka bila jembe na bila hamu ya kurudi. Mwuza dagaa aliulizwa yeye mwenyewe angeona bei ya haki ni ipi, akataja bei ya haki, na Lyton akailipa kwa sababu hakuwa na swali lingine.

Jioni ile NaPhiri alipokwisha kuondoka, walikaa jikoni, moto ukiwaka kwa shida kwa sababu kuni zililowa. Tiyamike alikuwa anasonga ugali. Mboga ilikuwa majani ya maboga, kama jana, kama juzi.

"Mama ameondoka kwa hasira," alisema Tiyamike. "Umemwambia nini?"

"Wewe unadhani nimemwambia nini?"

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. "Baba Takondwa, mimi si kidato cha tatu."

Lyton akapima maneno yake, akaamua kwamba kwa kuwa mambo yamefika hapa na yeye aulize lake. "Na wewe, kila mchana unakwenda wapi?"

Tiyamike akaendelea kusonga. Alisonga mpaka ugali ukashikamana, akaupakua matonge makubwa yaliyopangana vizuri kwenye sahani, akanawa mikono, akamtazama mumewe usoni.

"Swali zuri sana. Tuanze na tunachokijua."

Takondwa alicheka mpaka akapaliwa. Lyton hakula vizuri jioni hiyo.

* * *

Shuleni, angalau, njia ilikuwa inafanya kazi. Jumatatu ile aliwapa kidato cha tatu tatizo la mbuzi: mbuzi amefungwa kamba kwenye kona ya nyumba, nje, na kamba ni ndefu kuliko ukuta mmoja. Atakula majani ya eneo gani?

"Mbuzi wa nani, mwalimu?" aliuliza mvulana wa nyuma.

"Hilo linabadilisha nini?"

"Kama ni wa chifu, anakula popote."

Darasa likaangua kicheko, kisha likaanza kugombana. Wengine walichora duara zima, wakaambiwa na wenzao kwamba mbuzi hapiti ndani ya ukuta. Wengine walisema mbuzi akizunguka kona kamba inapungua. Kundi moja lilishikilia kwamba mbuzi mwenye akili angekata kamba. Walimwomba mwalimu awaamulie, na mwalimu akawauliza wataamuaje wenyewe. Kengele ilipokaribia, msichana mmoja mkimya aitwaye Eneless, ambaye mwaka mzima hakuwahi kufungua mdomo, alinyanyuka akaenda ubaoni. Akachora robo tatu ya duara kubwa. Halafu, kwenye kona ambapo kamba inajikunja, akachora robo ya duara dogo. Akaweka chaki chini, akarudi kukaa bila neno. Mmoja akasema, "Aa!" na wengine wakafuata, "Aa!" kama watu wanaowashiwa taa mmoja baada ya mwingine.

Lyton alitoka humo akitembea kama bwana harusi. Mlangoni mwa ofisi ya walimu akakutana na mwalimu Sitolo, aliyefundisha hesabu mikondo mingine kwa sauti ya mchunga ng'ombe, kanuni ubaoni, kanuni mdomoni, darasa zima likiitikia.

"Nimesikia kelele," alisema Sitolo. "Mmemaliza?"

"Wamepata wenyewe!"

"Tatizo moja kwa kipindi kizima?"

"Lakini wamelielewa."

"Wangu wamefanya kumi na mawili."

"Wamelielewa hata moja?"

"Bwana Mkwezalamba," alisema Sitolo, akimpiga begani kwa chaki, "mtihani hauulizi umeelewa nini. Unauliza jibu. Wanafunzi wangu wana majibu. Wako wana mjadala." Akaenda zake akicheka, na walimu wengine ofisini wakainamia madaftari ili wasionekane wakicheka naye.

* * *

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, baraza la Lyton lilijaa watu wazima. Mjomba Chatsika, kaka yake NaPhiri na mshenga wa upande wa mke, alifika amebebwa nyuma ya baiskeli ya kukodi, suti yake ya mazishi imefunikwa kwa nailoni kuzuia matope. Upande wa mume alikuja Fackson, kaka mkubwa wa Lyton, fundi wa redio kutoka Lizulu, mtu wa maneno machache aliyejua kwamba siku ya kesi kama hii mshenga wa mume kazi yake kubwa ni kumzuia mume asizungumze. NaPhiri alikaa mkekani, amegeuza uso. Tiyamike alikaa kando ya mama yake. Takondwa alitumwa kwa kina Lusayo, akaenda mpaka nyuma ya ukuta wa jiko, akajibanza hapo.

Mjomba Chatsika alifungua kikao kwa sala, akasafisha koo.

"Tumekuja kwa sababu mama analalamika. Analalamika kwamba alifika hapa, akauliza, hakujibiwa. Akaomba maji, akaulizwa kiasi. Mkwe, ni kweli au si kweli?"

Lyton alivuta pumzi. "Mjomba, tukisema 'kweli', tunamaanisha..."

Kiatu cha Fackson kilimpata kwenye kifundo cha mguu.

"Ni kweli," alisema Lyton.

"Wewe ni mgonjwa?"

"Hapana."

"Umerogwa?"

"Hapana, mjomba. Ni utafiti."

Mjomba Chatsika akamgeukia Fackson. "Utafiti ni ugonjwa gani?"

Lyton akaeleza. Akaeleza habari za Daktari Mwanyongo, habari za watoto kutafuta wenyewe, habari za mbuzi na kamba. Aliposema mbuzi hawezi kupita ukutani, mjomba, aliyefuga mbuzi maisha yake yote, alikataa, ikachukua muda kumrudisha kwenye kesi. Mwishowe alielewa, au alichoka.

"Sawa. Huko shuleni, waulize mpaka walie. Lakini huyu ni mama mkwe wako. Anasoma kidato cha ngapi?"

NaPhiri akauambia mlima, "Nilikuwa na kiu, mimi."

"Alikuwa na kiu," alirudia mjomba kwa uchungu, kama jaji anayesoma shtaka kubwa kuliko yote. "Una la kujitetea?"

Hapo Lyton alipaswa kuomba radhi, na Fackson alikuwa ameshatanguliza mguu. Lakini aliona aibu mbele ya watu wote hao, na aliyeona aibu hutafuta mwenzake wa kugawana naye.

"Nimekosa, nakubali. Lakini na mimi nina langu. Mke wangu anatoka kila mchana. Anarudi jioni. Nikimuuliza, hajibu. Majirani wameanza kuniangalia kwa huruma. Na yeye aulizwe!"

Upepo ukageuka. NaPhiri akashika kichwa. Mjomba Chatsika akasogeza kiti. Kesi ya maji ya kunywa alikuwa ameiweza. Hii ilikuwa ya namna nyingine.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, "tueleze. Unakwenda wapi?"

Tiyamike hakuinua macho. "Kwa mwalimu Sitolo."

NaPhiri akatoa mlio mdogo kama wa kuku aliyekanyagwa. Fackson, mtu wa maneno machache, akayapoteza hata hayo machache.

"Kwa Sitolo," alirudia mjomba. "Kufanya nini?"

"Logarithi."

"Nini?"

"Logarithi, mjomba. Na pembetatu. Anatufundisha kwenye jengo la kanisa, sisi tunaorudia mtihani wa kidato cha nne. Tuko wengi. Muulizeni mchungaji, ndiye anayetufungulia mlango."

NaPhiri akaanza kumshukuru Mungu kwa sauti. Mjomba akapangusa paji la uso. Kila mtu barazani alikuwa amepumua, isipokuwa mmoja. Lyton alikuwa amesimama, uso umebadilika rangi.

"Sitolo?" alisema. "Sitolo anakufundisha *hesabu*? Yule wa kuimba kanuni? Afadhali basi ungekuwa na..."

Kiatu cha Fackson safari hii hakikuwa cha kuonya. Lyton akakaa.

"Na ada?" aliuliza, akisugua mguu. "Ada umetoa wapi?"

"Nimeuza maharage."

"Maharage yote?"

"Yote."

"Ndiyo maana tunakula majani ya maboga!" Ilikuwa kama mtu aliyepata jibu la tatizo lililomsumbua msimu mzima. Lakini hakulifurahia. "Mke wa mwalimu wa hesabu anauza chakula ili akafundishwe hesabu na mtu mwingine. Kwa nini? Kwa nini hukuniambia mimi?"

Sasa Tiyamike aliinua macho. Hakuwa amekasirika, ingekuwa heri angekasirika.

"Nilikuambia. Mwezi wa kwanza, mvua kubwa ile, tulikuwa tunapepeta mahindi hapahapa. Nilikuambia nataka kurudia mtihani, kwa sababu masomo yote nilifaulu isipokuwa hesabu, na chuo cha uuguzi hakinichukui bila hesabu. Nikakuuliza, 'Unaona naweza?' Unakumbuka ulinijibu nini?"

Lyton alikumbuka. Alikumbuka hata jinsi alivyojipongeza moyoni kwa kujizuia.

"Nilisema, 'Wewe mwenyewe unaonaje?'"

"Ulisema hivyo. Na mimi nikajionea. Nikaona mume wangu anajua hesabu, ananijua na mimi, na nikimuuliza kama naweza anashindwa kusema ndiyo. Nikaona, basi siwezi. Nililia juma zima, baba Takondwa, wewe ukanikuta nalia ukaniuliza, 'Unadhani unalia kwa nini?'"

Fackson aliangalia viatu vyake.

"Halafu hasira zikanipanda," aliendelea Tiyamike. "Nikaenda kwa Sitolo. Sitolo anafundisha vibaya, hata mimi naona. Anapiga kelele, anaita watu vichwa vya maboga. Lakini siku ya kwanza nilimuuliza kama ninaweza kufaulu, akaniambia, 'Ukinyamaza na kuandika, utafaulu.' Hakuongeza kitu. Nikarudi nyumbani nikiimba."

Mvua ndogo ilianza kunyesha kwenye bati. Lyton alikaa akiyatazama magoti yake. Alijua maswali mengi mazuri kwa wakati kama huo. Daktari Mwanyongo alikuwa amewapa mifano. Hakulitumia hata moja.

"Unaweza," alisema.

"Sema kwa sauti," alisema mjomba, "sikio langu hili la kushoto halifanyi kazi."

"Anaweza! Nilijua tangu siku ile kwamba anaweza. Ana kichwa kuliko nusu ya darasa langu. Nilinyamaza kwa sababu nilidhani kukujibu ni kukudharau. Nilidhani nakuheshimu, Tiya."

"Na mimi nilitaka kuheshimiwa kidogo na kujibiwa kidogo," alisema Tiyamike, na mdomo wake ukacheza upande mmoja, kama anayekataa kucheka mbele ya wakubwa.

Mjomba Chatsika aliona mlango umefunguka, akaingia nao upesi. Akatoa hukumu. Shuleni, mkwe afanye anavyotaka. Ndani ya ua huu, mtu akiuliza ajibiwe kwanza. Akishajibiwa, mwenye nyumba anaruhusiwa swali moja. Mama mkwe apewe kuku, jogoo, si mtetea aliyeacha kutaga. Na Tiyamike, kama ni masomo, yaendelee, lakini nani amfundishe?

"Mimi!" alisema Lyton.

"Sitolo," alisema Tiyamike. "Nimeshamlipa."

Lyton alimeza hilo kama dawa chungu ya klorokwini. Fackson akamtazama kwa mara ya kwanza kwa huruma ya ndugu.

"Ila jioni," aliongeza Tiyamike, "nikirudi, zile kanuni anazotuimbisha sizijui zinatoka wapi. Hapo unaweza kuniuliza maswali yako. Kidogo kidogo. Nikisema basi, ni basi."

NaPhiri akauambia mlima kwamba sasa angeweza kunywa maji. Lyton aliruka mpaka mtungini, akaleta kata imejaa mpaka inamwagika, akaipokeza kwa mikono miwili, amepiga magoti, kimya. Hakuna aliyewahi kuona mwalimu akikaa kimya muda mrefu hivyo.

* * *

Matokeo yalitoka mwezi wa tisa, pepo kavu zikitimua vumbi la Dedza mpaka ndani ya sufuria. Tiyamike alifaulu hesabu, tena si kwa kuponea chupuchupu. Alipata alama ya kumfikisha chuo cha uuguzi bila kubembeleza mtu. Habari ilifika sokoni kabla yake. NaPhiri alipanda gari la mizigo asubuhi hiyohiyo na kushuka akipiga vigelegele barabarani, hata watu waliomwona walidhani kuna harusi.

Bahati, au balaa, Daktari Mwanyongo alikuwa shuleni juma hilo kumalizia utafiti wake, na Lyton akamkaribisha chakula. Bahati nyingine, au balaa lingine, mwalimu Sitolo alijikaribisha mwenyewe. Aliingia uani na soda mbili na tabasamu pana.

"Nimekuja kumpongeza mwanafunzi wangu!"

"Wako?" Lyton aliweka sahani chini. "Karibu, keti. Wako kivipi?"

"Nani alimfundisha logarithi?"

"Ulimwimbisha logarithi. Alikuwa hajui hata ni za nini. Jioni zote alikaa hapa, kwenye jiwe hili, akatafuta mwenyewe mpaka akaelewa."

"Angetafuta nini kama sikumpa? Huwezi kumtuma mtu akatafute mbuzi ambaye hujamnunua!"

"Mbuzi yupo tayari! Mbuzi amefungwa kwenye kona..."

"Toa mbuzi wako hapa!"

Daktari Mwanyongo aliacha kula. Macho yake yaling'aa kama ya mtu aliyeokota kitu barabarani. Hapa, alisema, kuna jambo la kuandika: mwanafunzi mmoja, mtu mzima, mchana njia ya zamani, jioni njia mpya. Akavuta kiti mpaka karibu na jiko, ambako Tiyamike alikuwa anageuza samaki kwenye mafuta, Takondwa kando yake akiiba vipande.

"Dada, samahani. Kwa maoni yako wewe mwenyewe, ni njia gani iliyokufanya ufaulu? Ya huyu au ya huyu?"

Sitolo akanyoosha kola. Lyton akainama mbele. Hata NaPhiri, aliyekuwa anachambua mchele, akasimamisha mkono.

Tiyamike alifikiri. Alimtazama Sitolo, akamtazama mumewe, akageuza samaki mwingine.

"Hasira," alisema.

"Samahani?"

"Andika hasira, Daktari. Mmoja aliniita kichwa cha boga, mwingine alikataa kuniambia kama ninacho kichwa. Nikasema nitawaonyesha wote wawili."

Daktari Mwanyongo alicheka kile kicheko chake kikubwa mpaka akashika ukuta. Sitolo alicheka pia, baada ya kuona ni lazima. Lyton peke yake hakucheka mara moja. Alikuwa anamwangalia mke wake kama alivyomwangalia Eneless siku ile akirudi kutoka ubaoni, bila neno, vumbi la chaki vidoleni.

Walipokwisha kula, Tiyamike akakaa, akakunja mikono, akasema lililokuwa linamsumbua tangu asubuhi. Chuo ni cha bweni. Angekuwa anarudi likizo tu.

"Nikiondoka, nani atakuwa anampikia Takondwa?"

"Mimi," alisema Lyton.

Jibu lilitoka haraka, wazi, bila kukohoa, mbele ya mashahidi. Daktari Mwanyongo akaangalia kando kwa adabu. Tiyamike akamtazama mumewe, macho yakamjaa maji, akayapangusa upesi akisingizia moshi.

Takondwa, ambaye aliwahi kula ugali wa baba yake mama alipokwenda msibani, akaangua kilio. Alilia kwa nguvu zote, ameshika sketi ya mama yake, akisema mama asiende, hesabu si kitu, uuguzi si kitu, atakufa kwa njaa. Wakambembeleza, ikashindikana. Sitolo akampa soda, ikashindikana.

Ndipo NaPhiri akasukuma ungo kando, akamvuta mjukuu mapajani. "Nyamaza, mama. Nyamaza. Bibi atahamia hapa. Nitakaa nanyi mpaka mama amalize chuo. Nitapika mimi." Kisha, bila kugeuza uso kutoka mlimani, akamwambia mkwe wake, "Nadhani hapana mwenye swali."

Lyton alifungua mdomo. Fackson hakuwepo, lakini mguu wake mwenyewe ulijivuta nyuma.

"Karibuni sana, mama," alisema.

Takondwa akanyamaza papo hapo, akaomba kipande kingine cha samaki.